Afisa Ameenda Kortini

"Afisa ameenda kortini, rudi Alhamisi."

Maneno hayo nimewaambia watu wengi, kisha miaka mitano baadaye nikaambiwa mimi. Kuyasema ni rahisi. Unainua uso kidogo kutoka kwenye kauntabuku, unalainisha sauti, unarudi kwenye mistari yako. Kuyasikia ni shughuli nyingine, hasa kama uliondoka nyumbani na nauli ya kuendea tu, ya kurudi ukamwachia Mungu.

Mwaka 2020 nilikuwa mwanagenzi katika ofisi ya leba, ile ya serikali inayoshughulikia malalamiko ya wafanyakazi, ya mji mmoja mdogo huku kwetu magharibi, kama saa moja kwa matatu kutoka Kisumu. Jina la mji naliacha, kwa kuwa ofisi yenyewe ni chumba kimoja na nikiutaja nitakuwa nimemtaja kila aliyekuwamo. Niliingia Februari nikitarajia miezi mitatu ya kupanga faili na kutumwa chai. Tarehe 15 Machi rais akatangaza shule zifungwe. Mwezi haujaisha, ukaja mwongozo kwamba watumishi wa umma wenye miaka 58 na zaidi wakafanyie kazi nyumbani, corona isije ikawakuta maofisini. Kiafya ulikuwa mwongozo wa busara. Kwetu ulimwondoa karani mzee ambaye peke yake ndiye aliyejua mpangilio wa kabati la faili.

Mpangilio huo haukuwa wa alfabeti wala wa tarehe. Ulikuwa kichwani mwake. Faili za kampuni za ulinzi alizipanga upande wa dirisha kwa sababu, alivyosema, hao hawaishi kuja. Za mashamba ya miwa zilikuwa chini kabisa, na za watu waliokwisha kufa alizifunga kwa kamba ya katani. Tukawa tunampigia simu shambani kwake. "Mzee, habari ya nyumbani? Faili ya yule kijana wa mashine ya kusaga iko wapi?" Naye, ng'ombe wakisikika nyuma yake: "Angalia nyuma ya boksi la karatasi, mwanangu. Si hilo. Lile lililolowa."

Kwa hiyo katika wiki mbili wenye shida walizidi na wa kuwahudumia wakapungua. Tulibaki watatu: afisa, tuliyemwita Madam, mimi, na mwanagenzi mwenzangu kutoka Mumias. Mwenye mshahara kati yetu alikuwa Madam tu.

Walikuja walimu wa shule za kibinafsi, wapishi, wahudumu wa hoteli, madereva wa mabasi ya shule, wasichana wa baa. Wengi waliingia wakiuliza pesa za serikali za watu waliopoteza kazi. Nikawa nawaeleza kila siku kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekijua juzi tu: hapa Kenya hakuna fedha kama hizo. Afrika Kusini mfanyakazi hukatwa asilimia 1 ya mshahara, mwajiri huongeza asilimia 1, na siku kazi ikiisha kuna mfuko wa kuuendea. Sisi mfuko huo tunausikia kwenye hotuba. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, nayo haifunguki kwa sababu tu umefutwa; inasubiri utimize miaka 60, au 50 ukistaafu mapema. Kilichobaki kwa aliyepunguzwa kazi ni deni lake kwa mwajiri, lile lililoandikwa katika kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Na deni halijilipi. Sharti awepo mtu wa kulihesabu, wa kuliandikia barua, na wa kumwita mdaiwa mezani.

Mlango wa jirani yetu ulikuwa wa ofisi ya ustawi wa jamii. Milango yote miwili ilikuwa ya kijani, na kibao cha mmoja kilikuwa kimeanguka siku nyingi, kwa hiyo watu walipotea. Kule kulikuwa na Inua Jamii, msaada wa serikali wa shilingi 2,000 kwa mwezi, ambayo hupewa wazee waliotimiza miaka 70, nyumba zinazolea yatima, na wenye ulemavu mkubwa. Mwanamume wa miaka 43, mwenye afya yake, mwenye watoto wanne na asiye na kazi, hakuwa na dirisha kule. Afisa wa jirani alikuwa akimsikiliza mpaka mwisho, kisha anamwelekeza kwetu. Sisi tukiona hana mwajiri wa kumdai, labda alikuwa kibarua wa siku, tunamwelekeza kwa chifu, ambaye wakati ule alikuwa akiandikisha vijana wa Kazi Mtaani, mpango wa serikali wa vibarua kwa vijana. Chifu akimwona ana mvi, anamrudisha ustawi wa jamii. Kuna mzee mmoja alimaliza mzunguko huo siku moja kwa miguu, akaja kutuaga jioni kana kwamba tulikuwa wenyeji wake.

Nataka nikae kidogo kwa mama mmoja, maana kila ninapobishana na mtu kuhusu jambo hili ni yeye ninayemwona.

Alikuja Juni, amevaa barakoa aliyoishona kwa kipande cha leso. Alikuwa amepikia shule moja ya kibinafsi miaka tisa na miezi kadhaa. Barua yake ilikuwa na sentensi mbili: shule imefungwa kwa sababu zisizozuilika, na huduma zake hazihitajiki tena. Karatasi ya pili ilikuwa ya kusaini. Ilisema amepokea shilingi 10,000 na hana dai lingine lolote. Alikuwa amepewa mpaka Ijumaa. Swali lake lilikuwa moja: "Mwanangu, nikisaini hii, watoto wakirudi shule watanichukua tena?"

Hesabu Madam alikuwa amenifundisha wiki iliyotangulia. Mshahara ulikuwa 15,000. Ukigawa kwa siku 30 unapata 500 kwa siku. Sheria inataka anayepunguzwa alipwe angalau siku 15 kwa kila mwaka aliokamilisha. Miaka 9 kwa siku 15 ni siku 135, yaani 67,500. Notisi ya mwezi mmoja hakupewa: 15,000. Siku za likizo ambazo hakwenda zilikuwa 10: 5,000. Jumla 87,500. Niliiandika kwa penseli nyuma ya bahasha yake. Akaisoma, akavua miwani, akaipangusa, akaisoma tena. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama sikuongeza sufuri.

Ushahidi ndio uliotuchukua muda. Hakuwa na hati za mshahara. Mwenye shule alikuwa akimtumia kwa M-Pesa, tena mwezi mwingine kwa simu ya mkewe. Tulimpeleka saiba, duka la kompyuta na mtandao, akachapishiwa taarifa ya M-Pesa, nikaketi naye tukipigia mstari kila 15,000 kwa kalamu nyekundu. Miezi mingine ilikuwa 14,500, kwa sababu alikatwa sahani zilizovunjika. Madam akampigia simu mwenye shule, akaja Jumatano akiwa na hasira, akaondoka akiwa amekubali 80,000 kwa awamu nne. Desemba mama akanitumia ujumbe: "Imeingia ya mwisho."

Kati ya ile 10,000 na hiyo 80,000, ukitoa sheria ambayo ilikuwapo siku zote, kulikuwa na penseli, simu ya Madam, na muda kama saa mbili ukiujumlisha wote. Mtu akiniambia ofisi kama ile ni mzigo kwa mlipa kodi, namuuliza kama ana hesabu nyingine.

Lakini zile saa mbili zilitoka kwa watu wengine. Kauntabuku yetu ilikuwa na safu ya mwisho iliyoandikwa "amehudumiwa", ya kutiwa alama ya vema. Nakumbuka ukurasa mmoja wa Julai wenye majina 41 na vema 12. Hao 29 hawakufukuzwa na mtu. Waliangalia benchi, wakaangalia jua, wakaondoka. Baadhi walirudi wiki iliyofuata wakakuta Madam ameenda kortini kutoa ushahidi, au ameenda kukagua kiwanda, au ameitwa mkutanoni kwenye kaunti. Zote hizo ni kazi zake halali, ndiyo maana sijawahi kumlaumu. Shirika la Kazi Duniani lina kipimo chake cha wakaguzi wa kazi: mmoja kwa wafanyakazi 10,000 katika nchi zenye viwanda, na mmoja kwa 40,000 katika nchi maskini zaidi. Nilipokisoma mara ya kwanza nilicheka. Kipimo chenyewe kinakubali kwamba maskini aridhike na robo ya afisa.

Watu wanaopanga bajeti hudhani foleni ni kuchelewa tu, kwamba asiyehudumiwa leo atahudumiwa kesho. Kwenye leba si hivyo. Aliyeachishwa isivyo haki ana miezi 3 tangu siku aliyoachishwa kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi. Kalenda haisimami kwa kuwa afisa yuko kortini. Mtu anayekuja wiki ya kumi na moja, akarudishwa wiki ya kumi na mbili, akakosa nauli ya wiki ya kumi na tatu, amebakiza njia ya mahakama ya ajira, ambako muda ni miaka 3 lakini mlangoni kuna wakili anayetaka chake kwanza. Haki yake imeisha mkononi mwa serikali iliyompa, na hakuna popote palipoandikwa kwamba alinyimwa. Kwenye takwimu huyo hakuwahi kudai.

Mwaka huohuo wa 2020 nilikuwa nikisoma habari za Uingereza usiku kwenye simu, kwa wivu wa kitaaluma, kama unaweza kuuita hivyo kwa mwanagenzi. Katika nusu ya pili ya Machi peke yake watu karibu 950,000 waliomba Universal Credit, msaada wa serikali yao kwa wenye kipato kidogo au wasio na kazi. Wizara yao ya kazi na pensheni ikahamisha wafanyakazi wapatao 10,000 kutoka kazi nyingine, ikawaweka kushughulikia maombi. Baadaye wakatangaza kuajiri washauri wa kazi 13,500 zaidi. Sisemi mambo yao yalikwenda bila kasoro, wala kwamba tunaweza kulinganisha mifuko. Kilichonigusa ni kwamba waliiona idadi ya watu mezani kuwa sehemu ya msaada wenyewe. Marekani, kwa upande wao, walikuwa na pesa na sheria, lakini Aprili gavana wa New Jersey alisimama mbele ya kamera akiomba wajitokeze wanaojua COBOL, lugha ya kompyuta ya zamani za kale, kwa sababu mashine za kushughulikia maombi zilikuwa zimezidiwa na waliozijua walishastaafu. Nilimfikiria karani wetu na kamba zake za katani. COBOL yetu ilikuwa shambani inachunga ng'ombe.

Miezi yangu mitatu iligeuka kumi, kwani hakuna aliyekuja kunipokea. Niliondoka Desemba.

Oktoba 2021 nikapata kazi Kisumu, karani wa takwimu katika mradi wa Ukimwi uliofadhiliwa na Marekani. Mikataba yetu ilianza Oktoba na kuisha Septemba, ikifuata mwaka wa bajeti wa wafadhili. Tarehe 20 Januari 2025 rais mpya wa Marekani akatia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kabla wiki haijaisha barua za kusitisha kazi zikaanza kufika. Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori ndiko maambukizi yalikokuwa juu zaidi nchini, kwa hiyo ndiko miradi ilikojaa: wapimaji, washauri, kina mama wa kuwasindikiza wajawazito, wauguzi, madereva, sisi wa takwimu. Tulitoka wote kwa mpigo. Siku hizo ungepita mtaa wa Kondele hapa Kisumu saa nne asubuhi ungekutana na watu wamevaa vizuri, wana mabegi ya kompyuta mgongoni, na hawana pa kwenda.

Barua yangu ilinipa siku chache. Nilikuwa na miaka mitatu kamili, mshahara wa 42,000, na mwajiri, ambaye naye simtaji, alisema mkataba wa muda maalumu hauna malipo ya kupunguzwa. Niliona hoja hiyo ina tundu. Hata hivyo kuona tundu ni jambo moja, na mtu mwenye muhuri kuliona ni jambo jingine. Nikaenda leba. Si ile ya zamani. Nyingine, ya hapa ninapoishi.

Mara ya kwanza mlinzi akaniambia afisa ameenda kortini. Nilitabasamu, akadhani namdharau. Mara ya pili afisa alikuwa kaunti ndogo ya jirani, kwa kuwa alikuwa akizishikilia mbili: Jumatatu na Jumanne kule, Jumatano na Alhamisi huku, Ijumaa popote anapoitwa.

Mara ya tatu nilifika saa moja na nusu, benchi limejaa. Tukaanza kuulizana, kama watu wanavyofanya hospitalini. Huyu ni mshauri kutoka Siaya. Yule alikuwa akisimamia stoo ya dawa. Wawili wa takwimu kama mimi, mmoja wa takwimu mstaafu wa mradi mwingine, mmoja wa fedha. Ukiondoa walinzi wanne wa usiku waliokuja na kesi yao ya zamani, benchi lote lilikuwa la makarani. Ndani afisa mmoja alikuwa anazama kwenye karatasi, na nje ya mlango wake, umbali wa hatua sita, walikuwa wameketi watu ambao kazi yao kwa miaka ilikuwa kupanga karatasi.

Basi tukafanya. Mshauri wa Siaya akaanza kuuliza kila mtu: una barua? Una mkataba? Una taarifa ya M-Pesa au ya benki? Barua yako ina tarehe gani? Nikachukua simu, nikawa napiga hesabu za siku. Tulitenga mafungu: wenye barua, wasio na barua, na ambao miezi yao mitatu ilikuwa inakaribia kuisha. Hao wa mwisho tuliwapa nafasi ya mbele, na kwa mshangao wangu hakuna aliyelalamika. Walinzi walikuwa na kauntabuku ya zamu waliyoibeba kama ushahidi. Tukawatafutia kurasa, tukazikunja pembe. Afisa aliwahudumia watu kumi na mmoja kabla ya chakula cha mchana. Mlinzi wa mlangoni alisema siku ya kawaida ni wanne au watano.

Nilipoingia nilitarajia anishukuru. Alinigombeza, kwa heshima lakini alinigombeza. "Dada, mumesoma mikataba ya watu. Mumejua mishahara ya watu. Kesho mmoja wenu akipeleka maneno kwa mwajiri, ni mimi nitakayeitwa." Alikuwa na haki kabisa. Faili la mtu aliyefutwa kazi lina ugonjwa wake, madeni yake, wakati mwingine sababu ya aibu ya kufutwa kwake. Kazi ile haifai kufanywa na waliokaa benchi kwa hisani yao. Inafaa kufanywa na waliokaa benchi wakiwa wamepewa mkataba wa miezi sita, kiapo cha kutunza siri, mafunzo ya wiki mbili, na mshahara. Sehemu kubwa ya kazi ya mlangoni, yaani kusoma barua, kuangalia tarehe, kupiga hesabu, kuandaa barua ya madai, haihitaji mamlaka ya afisa. Afisa abaki na kile ambacho hakuna mwingine anayeweza: kumketisha mwajiri upande wa pili wa meza.

Nimewahi kuyasema haya mbele ya watu wa teknolojia, wakanijibu kwamba kila kitu kiwekwe mtandaoni. Sina ugomvi na mtandao. Nimekula kwa kompyuta. Lakini mama mpishi alikuwa na simu ya mulika mwizi, isiyo na mtandao, na barua ya sentensi mbili ambayo hakujua maana yake. Fomu ya mtandaoni ingemuuliza "kiasi unachodai", naye angeandika 10,000. Kwanza angeijaziwa saiba kwa shilingi mia, na kijana wa saiba, asiyelipwa na serikali wala kuapa kwa yeyote, ndiye angekuwa afisa wake wa leba.

Kesi yangu ilikaa Aprili. Nililipwa mshahara wa mwezi mmoja wa notisi na siku 11 za likizo, 57,400 kwa jumla, kwa awamu mbili, ya pili ikichelewa wiki saba. Ile 63,000 ya miaka mitatu mwajiri aliikataa. Afisa akaandika kwamba hatukuafikiana, akaniambia nirudi nichukue barua ya kwendea mahakamani.

Niliporudi Julai alikuwa amehamishwa kaunti nyingine. Wa kumpokea alikuwa ameripoti Jumatatu, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na hakukuwa na makabidhiano. Faili langu halikuonekana. Nilikuwa na nakala ya kila karatasi kwenye bahasha ya kaki, zimepangwa kwa tarehe, lakini alihitaji faili lenyewe, lenye saini. Alifungua kabati, akalitazama kwa muda mrefu, kisha akanigeukia.

"Madam, wewe umekuja hapa mara nyingi. Huyu mwenzangu alikuwa anazipangaje?"

Nikamwambia nilikowahi kufanya kazi, zilizokuwa hazitulii zilikaa upande wa dirisha. Tukaanzia huko.